Flaksi inayoyeyuka majini kwenye mashine ya wimbi: panga kuosha kabla ya kulehemu

Flaksi ni kemikali inayosafisha metali ili lehemu ishike. Kwenye mashine ya wimbi, bodi ya saketi hupakwa flaksi, hupashwa joto, kisha hupitishwa juu ya wimbi la lehemu iliyoyeyuka. Majina mawili ya flaksi yanafanana na huwapotosha wanunuzi. Flaksi inayoyeyuka majini ni ile ambayo mabaki yake huondoka kwa maji baada ya kulehemu. Flaksi yenye maji ni ile ambayo kiyeyusho chake ni maji badala ya isopropanoli, na nyingi za aina hii zimetengenezwa ziachwe kwenye bodi bila kuoshwa. Dumu moja laweza kuwa na sifa zote mbili, au moja tu. Usiamini maandishi makubwa ya mbele. Tafuta kifupi cha herufi na tarakimu cha kiwango cha J-STD-004 kwenye karatasi ya maelezo. OR ni asidi za kikaboni, RO ni rozini, yaani utomvu wa msonobari. Herufi ya tatu huonyesha ukali: L mdogo, M wa kati, H mkubwa. Tarakimu ya mwisho ni 1 kama kuna halidi, yaani chumvi za klorini, bromini na jamaa zake, 0 kama hakuna au ni chembe tu. Flaksi za kuosha kwa maji zinazotumika kwenye wimbi huwa aghalabu ORH1, ORH0 au ORM0. Ukiona ORL0 au ROL0, hiyo kwa kawaida ni ya kuachwa.

Ukali huo ndio sababu ya kuipenda flaksi ya kuosha kwa maji. Ndani ya isopropanoli kuna asidi za kikaboni, mara nyingi chumvi za amini zenye klorini au bromini, na glikoli zinazobeba asidi hizo hadi kwenye joto la wimbi. Yabisi yake, yaani kinachobaki kiyeyusho kikiruka, huweza kuwa asilimia 10 hadi zaidi ya 30, wakati flaksi ya kuachwa huwa na asilimia 2 hadi 6 tu. Kwa hiyo miguu ya vipuri vilivyokaa stoo miaka mitatu hulowa vizuri, shaba iliyofifia hung'aa, na matundu ya bodi nene yenye tabaka za shaba nzito hujaa hadi juu. Ilipata umaarufu mkubwa baada ya Mkataba wa Montreal wa 1987, pale CFC-113, kiyeyusho kilichokuwa kikioshea mabaki ya rozini, kilipoanza kupigwa marufuku. Viwanda viligawanyika: baadhi vilichagua flaksi ya kuachwa, vingine vikachagua ya kuosha kwa maji.

Lakini asidi ile ile iliyosafisha mguu wa shaba haikomi kazi bodi ikitoka kwenye wimbi. Inabaki, inavuta unyevu wa hewa, na bodi ikiwashwa umeme ioni, yaani chembe zenye chaji, zinaanza kutembea. Bati, risasi au shaba huyeyuka upande wa chanya, huhamia upande wa hasi na kujijenga pale kama matawi membamba yanayorudi kuelekea chanya. Tawi likifika, kuna shoti. Kinachohitajika ni vitu vitatu tu: volti, unyevu na ioni. Katika mji kama Mombasa, Tanga au Unguja, ambako unyevu wa hewa hukaa juu ya asilimia 70 kwa sehemu kubwa ya mwaka, vitu viwili vya kwanza vipo tayari bure. Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza ni la kuosha: nina maji gani, mashine gani, na bodi yangu inaoshika? Kama jibu ni bomba la kawaida na brashi, chukua flaksi ya kuachwa na uboreshe usafi wa vipuri vyako.

Je, bodi inaoshika?

Pitia orodha ya vipuri kimoja kimoja kabla ya kununua hata lita moja. Relei zisizozibwa, swichi za kubonyeza, potenshiomita za wazi, baza zisizo na stika ya kuzuia maji, transfoma zisizojazwa vanishi, soketi za IC na betri za aina yoyote haziingii kwenye maji. Relei na swichi zipo za aina iliyozibwa kwa ajili ya kuosha, na karatasi ya maelezo husema wazi. Baza nyingi huja na stika juu ya tundu la sauti. Inabaki hadi bodi ikauke, ndipo inatolewa. Kipuri kisichooshika kichomekwe mwishoni, kwa mkono, kwa waya wa lehemu wenye flaksi ya kuachwa, baada ya bodi kuoshwa na kukaushwa.

Nyaya za nyuzi nyingi ni adui mkubwa kuliko zote. Flaksi hupanda ndani ya nyuzi kwa sentimita moja au zaidi chini ya ganda la plastiki, na hakuna shinikizo la maji litakaloifikia. Baada ya miezi waya unakuwa wa kijani ndani, unakatika, na kwa nje unaonekana mzima. Nyaya zisipitishwe kwenye wimbi lenye flaksi hii kabisa.

Kuna mtego mwingine ambao wabunifu wa bodi huutega bila kujua. Matundu madogo ya kuunganisha tabaka yakifunikwa kwa rangi ya kinga upande mmoja tu, yanakuwa vikombe: flaksi inaingia kutoka chini, maji hayapiti. Ama yazibwe kikamilifu, ama yaachwe wazi pande zote mbili. Vipuri vilivyolala karibu kabisa na bodi vina tatizo la namna hiyo hiyo. Mvutano wa uso wa maji ni takriban milinewtoni 72 kwa mita, wa isopropanoli ni kama 21. Flaksi yenye alkoholi inajipenyeza kwenye mwanya wa milimita 0.05 bila shida, na maji yanakataa kuifuata. Kwa kapasita kubwa na konekta, omba aina zenye vifundo vya kuinua mwili kutoka kwenye bodi.

Kama bodi ina vipuri vya juu vilivyolehemiwa kwa lehemu ya uji mzito (solder paste) kwenye tanuri, lehemu hiyo nayo iwe ya kuosha kwa maji. Ukiwa na mabaki ya lehemu ya kuachwa juu na flaksi ya kuosha kwa maji chini, kisha ukaosha kwa maji matupu, maji yanachuja nusu ya mabaki ya juu. Ngozi ya resini iliyokuwa imefungia asidi inapasuka, unabaki na ukungu mweupe, na bodi inakuwa mbaya kuliko kama usingeiosha.

Kipimo cha flaksi

Kwenye mashine ya kunyunyiza, watu huongeza flaksi wakiona hitilafu na hawairudishi chini tena. Pima kwa mizani. Chukua bodi tupu ya sentimita 20 kwa 15, yaani sentimita za mraba 300. Ipime, ipitishe kwenye kinyunyizio peke yake, ipime tena mara moja kabla alkoholi haijaruka. Tuseme imeongezeka gramu 0.60 na flaksi ina asilimia 20 ya yabisi. Yabisi ni gramu 0.12, ukigawa kwa 300 unapata mikrogramu 400 kwa sentimita ya mraba. Linganisha na namba ya mtengenezaji, kisha iandike kwenye kadi ya mashine. Mizani iwe ya kusoma gramu 0.01.

Uzito hauonyeshi mtawanyiko. Kwa flaksi yenye alkoholi, karatasi ya risiti ya dukani inatosha: ibane juu ya bodi tupu yenye matundu, pitisha, na alkoholi itaigeuza nyeusi mahali ilipopita kwenye tundu. Matundu yasiyotia doa ndiyo yatakayokosa kujaa. Flaksi yenye maji haibadilishi karatasi hiyo vizuri. Tumia karatasi ya kupimia pH, kwani asidi itaipaka rangi. Michirizi sambamba na mwendo wa mkanda ni nozeli iliyoziba. Mistari ya kukatiza mkanda ni kasi ya nozeli isiyolingana na kasi ya mkanda.

Kama mashine yako hupaka flaksi kwa tangi la povu badala ya kunyunyiza, pima wiani wa flaksi kila baada ya saa nne. Alkoholi hupungua, yabisi hukolea, wiani hupanda. Rudisha kwa kiyeyusho cha mtengenezaji, kidogo kidogo. Hewa ya kompresa iwe kavu, isiyo na mafuta. Mwaga na ujaze upya takriban kila saa 40 za kazi, kwa sababu povu hurudisha uchafu wa bodi na wa fremu inayoibeba ndani ya tangi. Isopropanoli hushika moto kwa urahisi, kiwango chake cha kuwaka kwa cheche ni kama nyuzi 12 za Selsiasi, hivyo feni ya kutolea hewa iwe imewaka kabla mashine haijaanza kunyunyiza.

Joto la awali na wimbi

Joto la awali lina kazi tatu: kukausha kiyeyusho, kuamsha asidi, na kupunguza mshtuko wa bodi inapogusa lehemu. Kwa flaksi yenye alkoholi, lenga nyuzi 90 hadi 110 upande wa juu wa bodi, ukipanda nyuzi 1 hadi 2 kwa sekunde. Yenye maji inahitaji zaidi, kama 105 hadi 125, pamoja na hewa ya moto inayopulizwa, kwa sababu maji hayaruki kirahisi kama alkoholi. Pima kwa waya wa thamokapuli (kihisi joto) uliobanwa juu ya bodi halisi. Joto lililoandikwa kwenye kioo cha mashine ni la hita.

Ukisikia mlio wa kukaanga bodi inapogusa wimbi, kiyeyusho hakijaisha. Tarajia vijipira vya lehemu juu ya bodi na vipuri. Ukipita kiasi, asidi inaungua kabla ya wimbi na unapata madaraja ya lehemu kati ya miguu, na miiba, kana kwamba hukutia flaksi. Hapa ndipo fundi huongeza flaksi zaidi, akaacha mabaki mengi zaidi, bila kugusa chanzo.

Joto kubwa lina madhara mengine ambayo hayaonekani kwa macho. Bodi ya kawaida ya FR-4, yaani nyuzi za kioo ndani ya epoksi, hulainika kuanzia nyuzi 130 hadi 140. Juu ya hapo, poliglikoli za flaksi huingia ndani ya epoksi yenyewe. Haziwezi kuoshwa tena. Zinavuta unyevu ndani ya bodi, usugu wa kuhami unashuka, na njia ya shaba inaweza kuota kando ya nyuzi za kioo kati ya matundu mawili. Muda wa kukaa juu ya joto hilo uwe mfupi kadiri inavyowezekana.

Sufuria ya lehemu ya Sn63Pb37 (bati asilimia 63, risasi 37), inayoyeyuka kwa nyuzi 183, iwekwe 245 hadi 255. SAC305, lehemu isiyo na risasi inayoyeyuka kati ya 217 na 220, iwekwe 255 hadi 265. Mkanda uinuke nyuzi 5 hadi 7 za pembe. Bodi iguse wimbi kwa sekunde 2 hadi 4. Hesabu yake ni rahisi: pitisha kioo kigumu kinachostahimili joto, chenye mistari ya sentimita, simamisha na usome upana wa mguso. Mguso wa sentimita 5, mkanda ukienda mita 1.2 kwa dakika, yaani sentimita 2 kwa sekunde, ni sekunde 2.5. Kioo hicho hicho kinaonyesha kama wimbi limelala sambamba: mguso ukiwa mpana upande mmoja, reli hazijasawazishwa. Kina cha wimbi kifikie nusu ya unene wa bodi, milimita 0.8 kwa bodi ya 1.6.

Matundu ya hewa kwenye maungio, yale yenye kreta katikati, kwa kawaida hayasababishwi na flaksi. Ni unyevu uliofungwa kwenye ukuta wa tundu lenye shaba nyembamba au iliyochanika. Oka bodi tupu kwa nyuzi 105 hadi 120 kwa saa chache na ujaribu tena. Kama hali imetulia, ongea na aliyekutengenezea bodi. Lehemu inayoanza kuwa na punje punje kama mchanga na kung'ang'ania madaraja, pima shaba iliyoyeyuka ndani yake: kwa Sn63Pb37 ukomo unaotumika ni asilimia 0.3, kwa lehemu zisizo na risasi ni karibu na 1.

Kuosha

Osha mara tu bodi inaposhikika, na kwa vyovyote ndani ya zamu hiyo hiyo. Mabaki yakikaa usiku kucha, asidi inaendelea kula shaba na bati, na chumvi za metali zinazotokea hapo haziyeyuki majini kama flaksi yenyewe. Utaona ukungu mweupe au kijani kuzunguka maungio. Usipitishe bodi kwenye wimbi mara ya pili, wala kuipasha kwa kazi nyingine, kabla ya kuiosha. Joto la pili huyaoka mabaki.

Maji yawe nyuzi 50 hadi 65. Kuosha kwa kwanza kunaweza kutumia maji yaliyorudishwa kutoka hatua ya mwisho, yakitiririka kinyume na mwendo wa bodi. Mnyunyizo uwe wa shinikizo la bar 2 hadi 4, kutoka juu na chini, nozeli zikiwa na pembe tofauti ili maji yafike chini ya vipuri. Kuloweka kwenye beseni hakutoshi, na brashi inasambaza mabaki hadi chini ya vipuri vya jirani. Flaksi nyingi zina sabuni ndani yake, hivyo tangi la kwanza hutoa povu; punguza kwa kubadilisha maji au tia kizuia povu kilichoidhinishwa, usitie mafuta ya aina yoyote.

Suuza ya mwisho ni kwa maji yaliyoondolewa ioni, yenye usugu wa megaomu-sentimita 1 au zaidi. Maji safi kabisa hufikia 18.2 kwa nyuzi 25. Maji ya bomba yenye upitishaji wa umeme wa mikrosimensi 400 kwa sentimita yana usugu wa kiloomu-sentimita 2.5 tu, na ya kisima kigumu yana chini ya hapo. Ukisuuza kwa maji hayo, kalsiamu inaungana na asidi zilizobaki na kukuachia chumvi nyeupe mpya, juu ya klorini iliyokuja na maji yenyewe. Nguzo mbili za resini ya kunasa ioni, au moja iliyochanganywa, zenye kichujio cha kaboni mbele, zinatosha karakana ndogo. Mita ya upitishaji iwekwe kwenye maji yanayotoka kwenye bodi. Hayo ndiyo yanayokuambia suuza imekwisha.

Baada ya hapo puliza kwa hewa kavu, kwanza pembeni mwa konekta na transfoma, kisha kausha kwa nyuzi 60 hadi 80 kwa dakika 30 hadi 60. Bodi itakayopakwa vanishi ya kinga ipimwe kwanza. Vanishi juu ya mabaki huyafungia humo, na unyevu unapenya plastiki polepole hadi unayafikia.

Kupima usafi

Macho hayaoni ioni. Kipimo cha zamani huzamisha bodi kwenye mchanganyiko wa isopropanoli asilimia 75 na maji asilimia 25, kisha kusoma upitishaji. Ukomo wake, mikrogramu 1.56 za kloridi ya sodiamu kwa sentimita ya mraba, ulitokana na kazi ya Jeshi la Majini la Marekani ya miaka ya 1970 juu ya flaksi za rozini. Marekebisho ya 2018 ya J-STD-001, kiwango cha ubora wa bodi zilizolehemiwa, hayaruhusu tena namba hiyo peke yake iwe uthibitisho kwamba mchakato wako ni salama. Kwa kuthibitisha mchakato mpya, peleka sampuli maabara kwa kromatografia ya ioni, inayotambua kila aina ya ioni na kiasi chake, na kipimo cha usugu wa uso kwenye joto na unyevu.

Kwa ufuatiliaji wa kila siku kuna njia nafuu. Weka bodi ya sentimita za mraba 300 ndani ya mfuko safi wa plastiki unaovumilia joto, mimina mililita 250 za maji yaliyoondolewa ioni, ziba, weka kwenye beseni la maji ya nyuzi 80 kwa saa moja. Fanya vivyo hivyo na mfuko wa pili usio na bodi. Acha vipoe hadi nyuzi 25, soma vyote kwa mita inayosoma mikrosimensi 0.1, na utoe usomaji wa mfuko mtupu. Pande mbili za bodi ni sentimita za mraba 600. Kwa ukomo wa 1.56 hiyo ni mikrogramu 936, ambazo ndani ya mililita 250 huleta miligramu 3.7 kwa lita, karibu mikrosimensi 8. Asidi dhaifu za flaksi hupitisha umeme kidogo kuliko chumvi, kwa hiyo 8 isichukuliwe kuwa lengo. Jenga kumbukumbu ya bodi zako nzuri. Kama kawaida yako ni 2 na leo umepata 4, simamisha na utafute kilichobadilika.

Mezani kwa fundi, na kwenye mashine

Marekebisho ya mkono ndipo kazi nzuri huharibika. Waya wa lehemu wa mezani uwe na flaksi ya kuosha kwa maji, na bodi irudi kuoshwa zamu hiyo hiyo. Rozini ikipakwa juu ya mabaki ya asidi inayafunika, na maji hayataigusa tena. Waya wa aina mbili usikae kwenye meza moja. Paka spuli rangi tofauti.

Mashine nayo inaliwa. Vidole vya mkanda, reli, skrubu za fremu na kuta za chumba cha kunyunyizia hushika kutu haraka. Osha vidole kwa maji ya moto kila siku, fremu kila mwisho wa zamu, na usafishe njia za nozeli kwa kiyeyusho kabla ya kuzima. Fremu chafu hutia doa bodi safi pale pale zinapokutana, na ukiona mabaki yanayojirudia kila mara mahali pamoja, anza kuangalia fremu.

Maji ya kuosha yana asidi, bati, shaba na, kwa Sn63Pb37, risasi. Yasielekezwe kwenye mtaro wa mvua wala shimo la choo. Glikoli na asidi hushikilia risasi ikiwa imeyeyuka, hivyo kuyaacha yatulie hakuondoi sumu. Yapitishwe kwenye kaboni na resini, yarudi kutumika, na resini iliyokwisha ikusanywe kama taka hatari kwa mtu mwenye kibali cha kuichukua.